Si Maji, Si Mafuta: Uhakiki wa Istilahi za Utunzaji wa Gari Kuukuu Nyumbani

Utangulizi

Katika kazi ya istilahi yako maswali yanayoulizwa mezani, na yako mengine yasiyoulizwa mpaka mtu ainame chini ya boneti. Makala haya yanahusu hayo ya pili. Tunakusudia kuyahakiki baadhi ya maneno yanayotumiwa na wenzetu wanaotunza na kuboresha magari yao wenyewe nyumbani, hususan yale magari madogo yaliyozeeka ambayo yameenea mijini mwetu. Zaidi ya yote, tunakusudia kuyatazama maneno mawili, maji na mafuta, ambayo tumeyatwisha mzigo uliozidi uwezo wake.

Mfano wetu ni gari la aina ya Toyota Starlet, lililoundwa Japani katika miaka ya 1990. Jamii ya Starlet ilianza kuundwa mwaka 1973 na ikakoma mwaka 1999, Vitz ilipochukua nafasi yake. Kwa hiyo hata lililo changa kuliko yote limekwisha kuvuka robo karne. Hata hivyo bado yapo barabarani, na sababu yake si ngumu: ni gari jepesi, injini yake ni ndogo, nafasi ya kuingiza mkono inapatikana, na kazi nyingi zaweza kufanywa na mwenyewe chini ya mwembe kwa jeki, spana, bisibisi na uvumilivu.

Umbo la gari hili, yaani gari fupi lisilo na buti ya kutokeza, ambalo nyuma yake ni mlango mzima unaoinuka pamoja na kioo, halina jina moja lililokubalika katika Kiswahili. Wako watakaoona kwamba hilo ndilo pengo la kuzibwa kwanza. Sisi hatuoni hivyo. Mtu akisema "gari dogo la mlango wa nyuma" anaeleweka, na hakuna anayedhurika kwa kukosa jina fupi zaidi. Lakini wako wanaodhurika kwa sababu ya jina ambalo lipo, limezoeleka, na linasema uongo. Hoja yetu ni kwamba majina ya namna hiyo ndiyo yanayopaswa kutangulia katika kazi ya usanifishaji.

Chupa iliyotoka dukani

Jumamosi moja tulifungua boneti ya gari letu tukakuta kikopo cha breki kimepungua. Tukamtuma kijana wa nyumbani kwenye duka la vipuri, na maneno tuliyompa yalikuwa haya tu: "Kalete mafuta ya breki." Muuzaji naye alielewa kwa namna yake. Alimpimia kutoka katika dumu kubwa mafuta mekundu ya haidroliki, akayatia katika chupa ya soda. Kijana alileta alichopewa, nasi tukamimina. Tulijua kusoma, lakini katika chupa ile hapakuwa na kitu cha kusoma.

Siku chache baadaye pedali ilikuwa fupi na ngumu, magurudumu ya mbele yalikuwa ya moto hata baada ya safari ya karibu, na gari lilikwenda kwa uzito kana kwamba linavutwa nyuma. Fundi tuliyemwita alifungua kifuniko, akachovya kidole, akanusa.

"Mzee, nani kaweka mafuta humu?"

"Tumeweka wenyewe, fundi. Si ndiyo mafuta ya breki?"

"Mafuta ya breki si mafuta, Mzee."

Raba zote za silinda kuu na za magurudumu zilikuwa zimevimba. Zilitolewa zikatupwa, mabomba yakasafishwa, na gharama ikapita bei ya chupa ile mara nyingi. Hatukupata ajali, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Lakini jibu la fundi limetukaa moyoni, kwa kuwa katika maneno machache alikuwa ametoa uhakiki kamili wa istilahi ambayo sisi, tunaojidai kuwa watu wa lugha, tulikuwa tumeitumia kwa miaka bila ya kuitilia shaka.

Neno mafuta na uongo wake

Neno mafuta ni pana kwa asili yake. Twalitumia kwa mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya kujipaka, mafuta ya nyama na mafuta ya gari. Upana huo si kasoro. Lugha yoyote huwa na maneno ya jumla, na mazingira ndiyo huyafafanua. Mtu akisema gari limeishiwa mafuta, hakuna atakayemletea samli.

Kasoro huingia pale neno la jumla linapopewa kitu ambacho si cha jamii yake. Kinachotiwa katika breki za magari kama hili, cha daraja la DOT 3 au DOT 4, hakitokani na mafuta ya petroli. Ni mchanganyiko wa kemikali za jamii ya glikoli. Raba zilizomo ndani ya breki zimechaguliwa ili zikae na glikoli bila ya kudhurika. Zikikutana na mafuta halisi ya petroli, yawe ya injini au ya haidroliki, huvimba na kulainika. Raba iliyovimba haiwezi kurudi nyuma dereva anapoachia pedali. Breki hubaki zimeshika, hupata moto, na mwishowe hushindwa kabisa. Kwa hiyo jina "mafuta ya breki" linamwelekeza mtumiaji kwenye kitu kile kile ambacho ni sumu kwa breki zake.

Tatizo liliongezwa na neno jingine. Vitabu vya shule hufundisha, na kwa haki, kwamba breki za gari hufanya kazi kwa nguvu ya haidroliki, yaani kwa msukumo wa kiowevu kilichofungiwa katika bomba. Lakini gereji zetu zimelichukua neno haidroliki na kulifanya jina la bidhaa: mafuta mekundu ya giaboksi au ya usukani. Basi muuzaji aliyesoma kidogo na akafanya kazi sana huunganisha mambo mawili na kupata la tatu lisilo kweli: breki ni za haidroliki, haidroliki ni hii hapa, basi itiwe. Hatumlaumu peke yake. Mantiki yake ilikuwa safi, bali maneno aliyopewa ndiyo yaliyokuwa mabovu.

Je, tuseme "maji ya breki"?

Wapo waliotushauri kwamba ikiwa si mafuta, basi tuseme maji ya breki, kwa kuwa kitu chenyewe ni chepesi na chaelea kama maji. Ushauri huu twaukataa kwa nguvu zaidi. Adui mkubwa wa breki ni maji. Glikoli hunyonya unyevu kutoka hewani, na kila inaponyonya, kiwango chake cha kuchemka hushuka. DOT 3 ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikiwa imekwisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155.

Tofauti hiyo si ya karatasini. Anayeteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, au anayeteremka Kitonga, akikanyaga breki tangu juu mpaka chini, hulitia joto kubwa kila gurudumu. Kiowevu kilichojaa maji huchemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke. Mvuke hubanika, ilhali kiowevu hakibaniki kwa kiasi cha kuonekana, na hivyo pedali huzama mpaka sakafuni bila ya gari kusimama. Katika miji ya pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, chupa iliyoachwa wazi rafuni imekwisha kuanza kuharibika kabla haijauzwa. Mtu aliyefundishwa kuviita vitu hivi maji, atashangaaje kuambiwa kwamba vimeharibiwa na maji?

Tunafika basi mahali pagumu: kitu hiki si maji, wala si mafuta. Vitabu vya sayansi vinatupa neno kiowevu, ambalo ni sahihi. Lakini kiowevu ni jina la hali ya kitu, kama yabisi na gesi. Maji ni kiowevu, petroli ni kiowevu, na asali pia. Likitumika peke yake dukani, halitamzuia muuzaji kuchota katika dumu lolote. Isitoshe, ni neno lililobaki darasani. Hatujapata kulisikia likitamkwa na mtu mwenye spana mkononi.

Neno lililokuwapo siku zote

Sisi twaona kwamba Kiswahili kilikwisha kulitatua tatizo la namna hii zamani. Tunacho kitu cha kusugulia meno, nacho twakiita dawa ya meno. Tunacho cha kung'arishia viatu, nacho twakiita dawa ya viatu. Cha kuulia mbu ni dawa ya mbu. Katika matumizi hayo dawa si lazima iwe ya kuponya. Ni kitu kilichochanganywa kwa ujuzi, kwa kazi maalumu, kisichotumika mahali pa kingine. Hakuna anayesikia "dawa ya viatu" akaisugulia meno.

Basi kwa nini isiwe dawa ya breki? Jina hilo lina sifa nne. Kwanza, halisemi uongo juu ya asili ya kitu. Pili, linaleta pamoja nalo tahadhari ambazo kila mtu anazo juu ya dawa: haichanganywi ovyo, haiachwi wazi, haiwekwi karibu na watoto, na haipokewi katika chupa ya soda. Tahadhari hizi zote ni za kweli kwa kitu hiki, ambacho ni sumu kikinywewa, na ambacho hubabua rangi ya gari kikimwagika. Tatu, dawa huisha muda wake, na waundaji wengi wa magari hushauri kwamba hii nayo ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi hata kama haijapungua. Nne, ni neno fupi linalotamkika dukani bila ya aibu.

Tunakiri kwamba lipo pingamizi. Madukani zinauzwa pia dawa za kuziba rejeta inayovuja na dawa za kusafisha injini, na huenda mwenye breki mbovu akadhani kwamba "dawa ya breki" itamponyeshea breki zake. Pingamizi hili ni la haki, nasi hatulipuuzi. Lakini tukipima hatari mbili, ya mtu anayetia kitu sahihi akitumaini muujiza, na ya mtu anayetia mafuta akitumaini breki, tunaichagua ile ya kwanza.

Maji mawili na tindikali moja

Neno maji nalo lina makosa yake katika gari hili. Tuangalie betri. Ndani ya betri ya risasi mna tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri inapofanya kazi na kupata joto, maji ndiyo yanayopungua na tindikali hubaki. Kwa hiyo mwenye gari anayejaza betri iliyopungua anatakiwa aongeze maji matupu, tena yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena ili yasiwe na chumvi. Lakini "maji ya betri" yaweza kuwa jina la vitu viwili: maji hayo yaliyokenekwa, na tindikali inayotiwa katika betri mpya iliyokuja kavu. Anayeongeza tindikali juu ya tindikali huziua sahani za betri. Na anayedhani kwamba ameshika maji, kumbe ni tindikali, huweza kupoteza jicho.

Hapa hatuna haja ya kubuni hata silabi moja. Neno tindikali lipo, linajulikana mpaka vijijini, na laogopwa kama inavyostahili. Kosa ni letu kwa kuliweka maabara na kuiachia gereji neno maji.

Vivyo hivyo kwa rejeta. Kinachopaswa kuwamo ni mchanganyiko wa maji na kemikali ya kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka, ambao mafundi huuita kulanti. Kwa desturi ya kusema "maji ya rejeta", wengi hujaza maji ya bomba mwaka hadi mwaka, na njia za ndani za injini huliwa na kutu mpaka gari lianze kuchemka. Tena kemikali hiyo yenyewe mara nyingi ni glikoli yenye ladha tamu, iliyo hatari kwa mtoto au mnyama anayeikuta katika beseni uani. Neno kulanti limekwisha kuingia, na hatuoni sababu ya kulifukuza. Tungependa tu likubaliwe rasmi, na anayetaka Kiswahili cha zamani zaidi aseme dawa ya rejeta.

Mafundi walipotutangulia

Haitakuwa haki kuzihakiki gereji kwa makosa tu. Yapo mahali ambapo mafundi wamekuwa wanaistilahi bora kuliko sisi. Wapenda usafi wa lugha wamezoea kulalamika kwamba neno oili halina kazi, kwa kuwa tunalo neno mafuta. Lalamiko hilo halina msingi. Kwa kulikopa neno oili, fundi ametenganisha kile kinacholainisha na kile kinachowaka, tofauti ambayo neno mafuta peke yake lilikuwa limeificha. Ofisini twasema vilainishi, nalo ni neno zuri kwa jamii nzima ya vitu hivyo, pamoja na grisi. Lakini oili imepata mahali pake kwa jasho.

Mfano wa pili ni kutoa upepo. Hewa ikiingia katika mabomba ya breki, sharti isukumwe nje kwa kukanyaga pedali huku mwenzako akilegeza na kukaza kijinati cha gurudumu. Waingereza huiita kazi hiyo kwa kitenzi cha kutoa damu. Lau istilahi hiyo ingeletwa mezani na kutafsiriwa neno kwa neno, tungeshangaza watu. Fundi hakutazama Kiingereza, alitazama kinachotoka. Kinachotoka ni upepo, basi akasema upepo. Hivyo ndivyo waliotutangulia walivyofanya walipolichukua neno usukani kutoka katika jahazi na kulitia katika gari, kwa kuwa waliona kazi ni ile ile.

Lakini kukopa kunaweza kupotoka pia. Neno kunoki lilitokana na mlio wa kugonga unaosikika katika injini, ambao ni onyo. Gereji zetu zikisema injini imenoki, maana yake ni kwamba imekwisha kufa. Onyo limegeuka kuwa taarifa ya msiba. Mwandishi wa mwongozo wa Kiswahili akiandika kwamba "injini ikinoki, tumia petroli iliyo bora zaidi", msomaji atamcheka, na haki iko upande wa msomaji. Kwa mlio tungeandika kugonga, na kunoki tuwaachie mafundi kama walivyokwisha kuliamua.

Vitenzi vya kazi

Lililobaki ni vitenzi, nalo tutalipitia kwa haraka. Kitenzi kutengeneza chabeba kuunda kitu kipya na kurekebisha kilichoharibika. Risiti iliyoandikwa "matengenezo ya breki" haimwambii mwenye gari kama breki zimekaguliwa, zimerekebishwa au zimefungwa mpya. Kwa anayeweka daftari la gari lake nyumbani, na kila mwenye gari kuukuu angepaswa kuwa nalo, twapendekeza atenganishe kutunza, ambako ni kwa ratiba, kurekebisha, ambako ni kwa kasoro, kukarabati, ambako ni kufungua na kufanya upya, na kuboresha.

Hilo la mwisho latumika vibaya kuliko yote. Anayetoa balbu za taa kubwa za wati 60 na 55 akaweka za wati 100 bila ya kugusa nyaya hujisifu kwamba ameboresha gari. Nyaya za zamani hazikupimwa kwa mzigo huo. Hupata moto, na soketi huyeyuka. Huko ni kubadilisha tu. Kuboresha kungekuwa kufunga rilei na nyaya nene zaidi, ili taa zile zile zipate umeme wake kamili.

Mapendekezo

Desturi yetu katika istilahi imekuwa kuanza na orodha ya Kiingereza na kuifuata kwa mpango wa herufi zake. Twapendekeza kwamba katika fani za ufundi mpango uwe wa hatari: yatangulie maneno ambayo yakikosewa mtu huumia. Kwa gari la nyumbani twaanza na haya:

Dawa ya breki, badala ya mafuta ya breki. Katika vitabu vya sayansi, kiowevu cha breki.

Tindikali ya betri, kwa kinachotiwa katika betri kavu. Na maji yaliyokenekwa, kwa kinachoongezwa. "Maji ya betri" yaachwe kabisa.

Kulanti au dawa ya rejeta, badala ya maji ya rejeta.

Oili, kwa kilainishi cha injini na giaboksi. Mafuta yabaki kwa petroli na dizeli.

Haidroliki, kwa mfumo wa nguvu tu, lisiwe jina la bidhaa.

Twajua kwamba neno halibadilishwi kwa amri. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, halina askari wa kulinda maduka ya vipuri, wala hatulitakii wawepo. Lakini liko linaloweza kufanywa. Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975, lina sauti juu ya viwango vya bidhaa. Na vyuo vya ufundi stadi vina vijana ambao kesho ndio watakaouza na kufunga. Wanaistilahi wakikaa pamoja na pande hizo mbili, na jina sahihi likachapwa kwa Kiswahili juu ya chupa na ndani ya kitabu cha mwanafunzi, gereji italichukua kwa hiari yake, kama ilivyochukua mengine.

Magari haya yalikuja kwetu yakiwa yamekwisha kutumika, maonyo yake yakiwa yamebandikwa kwa Kijapani, na vitabu vyake, pale vinapopatikana, ni vya Kiingereza. Mwenye gari aliyeinama uani kwake hana lugha nyingine ya kumlinda isipokuwa hii yetu. Wasomaji wetu, hasa mafundi na wenye kutengeneza wenyewe nyumbani, twawaomba watuandikie majina wanayotumia kwa vitu hivi katika miji na vijiji vyao, pamoja na makosa waliyoyaona yakizaliwa na majina hayo, ili orodha hii isahihishwe na wanaoijua kazi.